Kikombe cha Pili cha Kibokoni

Tajiri yangu alikuwa na mikahawa mitatu kisiwani Mombasa, na alitaka kuufunga mmoja. Aliniita ofisini, chumba kidogo juu ya mkahawa wa Marikiti ambako kelele za wachukuzi na harufu ya maembe yaliyopitiliza kuiva ziliingia pamoja dirishani, akaniambia nifunge mlango. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mimi nilikuwa karani wake, kijana wa Kaloleni, kwetu si mbali na mji, ila ni mbali vya kutosha kwa watu wa Mji wa Kale kuniuliza mara mbili ninatoka wapi. Nilikuwa na cheti cha biashara kutoka chuoni, na kila aliyekaa nami kwa dakika tano alikuwa ameshaambiwa.

"Huu wa Kibokoni wanitatiza," akasema.

Mkahawa wa Kibokoni ndio uliokuwa mama wa yote mitatu. Babake aliufungua kabla yeye hajazaliwa: chumba kimoja cha kupikia, na nje yake baraza mbili za mawe zinazotazamana, basi. Hapakuwa na feni wala viti. Kule Mbaraki tajiri alikuwa ameweka meza za fomaika, viti vya plastiki na kaunta ya kioo, na kahawa ilitoka kwenye gunia lile lile. Lakini Mbaraki watu walikuja leo, kesho wakapotea. Kibokoni walikuwa ni wale wale miaka nenda miaka rudi, wakikalia mawe.

"Nenda ukakae nao mpaka ujue ni kitu gani kinawarudisha," akaniambia. "Kikiwa ni kitu cha pale pale, mkahawa utabaki. Kikiwa ni kitu chenye kubebeka, tutakibeba tukipeleke Mbaraki, na ile nyumba nimrudishie mwenyewe, maana ananidai aitumie. Wala usiwaambie. Wakijua, watakujibu la kunifurahisha."

Nilitoka pale nimevimba kichwa. Hakuna aliyewahi kunipa kazi ya kuijua siri ya kitu chochote. Nilinunua ubao wa kushikilia karatasi, kalamu ya bluu na kalamu nyekundu, nikachapisha karatasi za maswali kwa taipureta ya ofisi. Nini kinakurudisha hapa? Ladha, bei, usafi, huduma, au ukaribu na nyumbani? Weka alama mahali panapofaa.

Siku ya kwanza nilifika Kibokoni saa kumi alasiri, jua likiwa limeshahama upande wa pili wa nyumba na baraza zimepoa. Wazee kwa vijana walikuwa wamejipanga pande zote mbili. Nikatoa salamu moja, nikaanza kugawa karatasi. Nusu yao walikuwa bado wananijibu. Mmoja aliniuliza habari za nyumbani, mwingine habari za kazi, na mimi nilikuwa nimeshafika kwenye swali la tatu. Mpaka leo nikikumbuka najisikia haya.

Kisha nikatafuta pa kukaa. Niliona mwanya mzuri katikati ya baraza ya kushoto, mtu mmoja angetosha, na pembeni mwake kikombe kimejaa hakina mwenyewe. Nikakisogeza, nikakaa. Watu wakatazamana. Mzee mmoja mrefu, mweusi ti, aliyeketi upande wa pili akiwa amevaa kofia ya sola ya zamani, ile ngumu ya wakoloni, akanipungia mkono.

"Sogea hapa kwangu, mwanangu. Hapo pana jua."

Hapakuwa na jua. Lakini mkubwa akikwambia usogee unasogea, nami nikasogea.

Mzee huyo alikuwa wa bara, mtu wa magharibi ya mbali, aliyeletwa Mombasa na reli na kustaafu akiwa bado hajaona sababu ya kurudi kwao. Jumapili alikwenda kanisani, na siku zote saba alikuja Kibokoni. Waislamu wa pale walimwita Mzee wa Reli, wakati wa futari walimwekea tende zake, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kwao mchana na ya Mvita jioni. Aliipokea karatasi yangu, akaisoma yote mbele na nyuma, hata pale pasipoandikwa kitu.

"Na wewe," akaniuliza, "kinakurudisha nini hapa?"

"Mimi ndiyo kwanza nimekuja leo, mzee. Nimeletwa na kazi."

"Ahaa," akasema, akaweka alama kwenye ladha.

Wote waliweka alama kwenye ladha. Wote! Nilizikusanya karatasi zile nikaona kazi yangu imekuwa rahisi mno, nikajua kwamba tajiri hataamini. Basi nikaacha kuuliza, nikaanza kuangalia. Kwa miezi miwili nilikwenda Kibokoni kila alasiri, isipokuwa Ijumaa ambapo nilichelewa kidogo, nikakaa kwenye kona yangu karibu na Mzee wa Reli, ubao umenilalia mapajani.

Aliyepika kahawa alikuwa mzee aliyeajiriwa na babake tajiri. Nitamwita Mzee wa Kahawa, na ndivyo alivyoitwa. Msuli wake safi, kofia yake safi, na dele lake la shaba, lile birika refu la kahawa, alilisugua kwa ndimu na majivu mpaka unajiona uso ndani yake. Hakuuliza mtu anataka nini. Alipita na dele mkono mmoja, na vikombe vidogo visivyo na mkono vikigongana katika mkono wa pili, akamimina kahawa chungu yenye tangawizi na iliki, akapita. Kashata ilikuwa kwenye sahani katikati, kila mtu anajikatia.

Nikaona jambo. Vikombe vilikuwa vingi kuliko watu. Watu wakiwa kumi na wanne, vikombe vilikuwa kumi na saba, siku nyingine kumi na tisa. Baadhi yao walikunywa kimoja, kisha wakamiminiwa cha pili bila kuomba. Cha pili hawakukinywa upesi. Walikiweka kando yao barazani, mazungumzo yakaendelea, ya mpira, ya bei za sukari, ya meli iliyokwama bandarini, na mwisho kabisa, kahawa imeshapoa, mtu akakipiga chote kwa mara moja akaondoka. Niliandika kwa kalamu nyekundu: *wateja hupenda kikombe cha pili kiwe baridi.*

Nilimuuliza mmoja, fundi cherehani mwenye duka lake mtaa wa nyuma, kwa nini alikunywa viwili. Alitazama chini, akanitazama.

"Kahawa yenyewe nzuri," akasema.

Nikamuuliza mwingine siku nyingine. "Kahawa nzuri." Nikamuuliza Mzee wa Reli, ambaye kila mtu alijua tumbo lake haliiwezi tangawizi nyingi. "Ni nzuri kahawa ya hapa, mwanangu," akajibu, akajipangusa midomo kama aliyekunywa dawa.

Sasa mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilikuwa na cheti. Nilikaa ofisini siku mbili nikaandika ripoti ya kurasa tisa, kurasa mbili za kichwa cha habari na mistari ya rula. Nilisema wateja wa Kibokoni wanarudi kwa sababu ya ladha. Kwamba ladha inawazidi nguvu hata wanakunywa viwili. Kwamba kwa kuwa kahawa ni ya gunia lile lile la mikahawa mingine, ladha hiyo haitoki kwenye gunia, inatoka kwenye mkono wa Mzee wa Kahawa. Tajiri aliisoma akiwa amesimama. Alipomaliza alinishika bega.

"Mkono unabebeka," akasema.

Nilipewa meza yenye droo ya kufungwa kwa ufunguo. Sikuwa na kitu cha kufungia, lakini nilitembea na ule ufunguo mfukoni.

Juma lile lile nikashikwa na malaria. Si ile ya kumeza vidonge ukaendelea na kazi; hii ilinibeba mzimamzima mpaka Kaloleni kwa mama yangu, nikalala siku nane natetemeka chini ya mablanketi matatu na jua la Disemba liko nje. Hapakuwa na simu ya kumpigia mtu. Tajiri nilimpelekea habari kwa jirani aliyekuwa anakwenda mjini. Kibokoni sikumpelekea mtu, kwa sababu kazi yangu kule ilikuwa imekwisha.

Nilipopata nguvu nikarudi mjini, nikashuka kituoni mchana, nikapita Marikiti kuonyesha uso ofisini, nikamkuta tajiri hayuko. Saa kumi ilipofika sikuwa na shughuli yoyote Kibokoni. Hata ubao wangu sikuuchukua. Lakini nilijikuta nimeshapita msikiti, nimeshakata kona ya nyumba yenye mlango wa kijani, na salamu ziko mdomoni.

Safari hii nilizitoa zote. Walinijibu zote, na kusema kweli walikuwa na furaha kubwa kuliko nilivyostahili. Kwenye kona yangu, kando ya Mzee wa Reli, palikuwa na mwanya wa mtu mmoja. Pale kwenye mwanya palikuwa na kikombe kimejaa, kimeshaanza kupoa.

Mzee wa Reli alikichukua akanipa kwa mikono miwili.

"Haya, chukua chako. Siku nane nimekunywea, na tangawizi yanichoma tumbo. Ungekaa siku nyingine mbili ningekuja kukufuata huko Kaloleni nikakutapikia mlangoni."

Watu wakacheka. Mimi nilisimama na kikombe.

"Mmeninywea?" nikauliza.

"Hukuya," akasema fundi cherehani, kana kwamba hilo lilitosha. "Mtu akiwa hayuko, mwenziwe humnywea. Nafasi yake hukaa mpaka aje."

Niliketi, na pale kwenye kona nikaona yote kwa mara moja. Mwanya ule niliokalia siku ya kwanza. Jua lisilokuwepo. Vikombe vilivyokaa mpaka vikapoa, kwa kuwa mwenye kunywewa angeweza kutokea dakika ya mwisho, naye asipotokea ndipo mwenziwe akavinywa. Vikombe kumi na saba kwa watu kumi na wanne. Nilikuwa nimewahesabu wagonjwa na wasafiri wa Kibokoni kwa miezi miwili, nikawaandika kuwa ni ladha.

Sikukimaliza kikombe. Niliinuka nikaingia chumba cha kupikia, Mzee wa Kahawa akiwa amechutama mbele ya jiko la makaa.

"Mzee, mbona hamkuniambia? Niliuliza kila mtu. Niliwauliza moja kwa moja!"

Alipepea makaa kwanza.

"Uliuliza ukiwa na kalamu," akasema. "Wayua pale barazani nani alikuwa hayuko? Mmoja alikuwa ameachishwa kazi bandarini, akiona haya kutoka nje. Mmoja mkewe amerudi kwao. Mmoja amelazwa, na ugonjwa wenyewe si wa kutajwa. Tungekwambia hiki kikombe cha nani, ungeuliza yuko wapi. Ukishaambiwa yuko wapi, ungeandika. Hayo ni ya watu, mwanangu. Watu hustiriwa."

"Lakini mngeniambia tu kwamba mnanywea mtu, bila jina!"

"Ungeniambia wewe karatasi ni za nini?"

Nilikuwa nimekula kashata yao siku sitini nikiwa nimeficha kwamba kwenye ubao wangu ndiko ilikokuwa hatima ya mkahawa wao. Nao walikuwa wamenificha wagonjwa wao. Kila upande ulifanya adabu yake. Niliona aibu kali, ile inayopanda masikioni, na chini yake nikaona hofu, kwa sababu ripoti ilikuwa imeshakaa juu ya meza ya tajiri siku kumi.

Nilikwenda Marikiti karibu nikimbie. Tajiri alikuwa amerudi. Nilimwambia yote nikiwa nahema: si ladha, si mkono, ni hizi nafasi, ni kitu cha pale pale, hakibebeki. Alinisikiliza vizuri, nitamsema kwa haki. Hakunikatiza hata mara moja.

"Babangu alikuwa akinywewa," akasema nilipomaliza. "Alipokwenda Hija. Nilikuwa mdogo, nilimwona mtu akinywa kahawa yake nikataka kumpiga." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Nilisahau kabisa. Yuzi nimemkabidhi mwenye nyumba ufunguo wa pili. Ametia mafundi, mwisho wa mwezi waanza kuvunja. Ungeniambia juma lililopita."

Juma lililopita nilikuwa chini ya mablanketi, nikinywewa.

Watu wa Kibokoni waliambiwa siku tatu kabla ya kufungwa. Nilikwenda, ingawa nilitamani kuugua tena. Hakuna aliyepiga kelele. Fundi cherehani aliuliza kama baraza za nje nazo zitavunjwa, akaambiwa ndiyo, mwenye nyumba anataka duka. Mzee wa Kahawa alikuwa ameambiwa kwamba atahamia Mbaraki na mshahara utapanda. Alikuwa amelisugua dele kuliko siku zote.

Mzee wa Reli alinigeukia. "Wewe ulijua?"

"Nilijua tangu siku ya kwanza, mzee. Na ripoti ni mimi niliyeiandika."

Nilingoja anifukuze, na ningeondoka bila neno. Badala yake akajivuta kando, mwanya ukawa mkubwa, akalipiga jiwe kwa kiganja.

"Kaa basi," akasema. "Kahawa yapoa."

Kutoka Kibokoni hadi Mbaraki ni upande wa pili wa kisiwa, lakini kwa mtu mzima aliyezoea kutoka mlangoni na kuwa amefika, ni safari. Watano walijaribu. Walikwenda kwa basi siku mbili tatu, wakakaa kwenye viti vya plastiki vinavyotazama kaunta badala ya kutazamana, kila meza watu wawili, wakaona hawasikilizani kwa kelele za feni. Na pale ukiacha kiti kitupu dakika moja, mtu anakuja kukivuta akipeleke meza nyingine, tena anakuomba kwa heshima. Walipoacha kwenda, hapakuwa na wa kuwanywea. Fundi cherehani nilimwona mara moja sokoni, tukasalimiana salamu zote, hatukuzungumza habari za kahawa.

Mbaraki nayo haikujaa. Mkono wa mzee ulikuwa ule ule, na wateja walisifu, kisha wakaenda zao.

Mimi niliendelea kwenda. Niliacha kazi ya tajiri mwaka uliofuata nikapata nyingine katika ofisi ya meli huko huko Mbaraki, na saa kumi na moja nikitoka napitia kwa Mzee wa Kahawa. Mzee wa Reli alikuwa akija pia, peke yake kati ya wote wa Kibokoni, na kofia yake ya sola, akilalamikia tangawizi. Tulikaa meza ya pembeni, sisi wawili, na mzee mwenye dele akija kusimama nasi kaunta ikitulia. Sikumwomba Mzee wa Reli msamaha kwa maneno. Nilidhani kuna wakati.

Kisha miguu yake ikaanza kuvimba, akachukuliwa na bintiye kwenda kukaa ng'ambo, Changamwe, nyumba ya ghorofani ambayo hangeweza kushuka. Siku ya kwanza asipokuja, Mzee wa Kahawa alinitazama kutoka kaunta.

Pale Mbaraki lazima ununue kibati cha plastiki kwanza, kile cha kuonyesha umelipa, kikombe kimoja kibati kimoja, ndipo umiminiwe. Nikaenda kwa dada aliyekaa kwenye mashine ya fedha, binti mchangamfu aliyeajiriwa mwezi ule, nikaomba vibati viwili. Nikapeleka vikombe mezani. Kimoja nikanywa. Cha pili nikakiweka mbele ya kiti cha upande wa pili, nikatandaza gazeti juu ya kiti ili kisivutwe, nikangoja mpaka watu wakapungua na kahawa ikapoa, ndipo nikainywa yote kwa mara moja.

Nilifanya hivyo siku ya pili, na ya tatu, na juma lililofuata. Baada ya majuma mawili yule dada hakuweza kuvumilia tena. Alinipa vibati vyangu akaegemea kaunta, kwa wema kabisa.

"Samahani kaka, kila siku viwili, na u peke yako. Mbona?"

Nilimwona Mzee wa Kahawa nyuma yake ameacha kumimina. Nikaifikiria ile nyumba ya ghorofani, na mzee wa watu ameinua miguu juu ya stuli, binti yake akimwosha.

"Kahawa ya hapa nzuri," nikasema.

Akatabasamu, akavuta daftari kutoka chini ya mashine. Tajiri alikuwa amemwagiza aandike kila mteja anayerudi, na kinachomrudisha. Nikamwona akiandika.